Tusiulize cheti tu, tusome jalada lote

Naomba nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua wananchi wengi wa huku kwetu Kibondo na Kasulu. Jambo lenyewe ni namna maombi ya kitambulisho cha Taifa yanavyoshughulikiwa pale ambapo uraia wa mwombaji unatiliwa mashaka. Wabunge wa Mkoa wa Kigoma wamekwisha kulisemea Bungeni zaidi ya mara moja. Mimi sikusudii kurudia malalamiko yao. Nataka kuzungumzia jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kwa sababu naamini ugonjwa uko hapo.

Huenda msomaji wa Lindi au Singida akajiuliza kuna nini hasa katika kitambulisho hata watu wakakesha wakikitafuta. Jibu ni kwamba siku hizi mtu asiye na namba ya kitambulisho ni kama hayupo. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na baada ya Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Laini hiyo ndiyo benki ya mkulima wa kijijini. Kwa njia hiyo hupokea fedha za maharage yake, na kwa njia hiyo mtoto aliyeko Dar es Salaam humtumia mama yake hela ya dawa. Bila namba, pasipoti haipatikani, na kufungua akaunti ni taabu tupu. Kwa hiyo tunapozungumzia kitambulisho hatuzungumzii kadi ya kuweka mfukoni, bali tunazungumzia riziki.

Nianze kwa kukubali kwamba Serikali ina haki na wajibu wa kuwa makini. Wilaya zetu zinapakana na Burundi. Tulipokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, tukapokea tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Kutoka Kongo walikuja mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa hapa Kasulu. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na miaka mitatu baadaye kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Nchi iliyopitia mambo hayo haiwezi kugawa vitambulisho kama karanga. Anayesema maofisa wasiulize maswali haitakii mema nchi hii.

Ninalolalamikia ni namna ya kuuliza. Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kibondo ana umri wa miaka sitini na kitu. Baba yake alikuwa mmoja wa maelfu ya Waha waliochukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga, kwa maana mashamba yale yaliifanya Buha kuwa ghala la nguvu kazi. Mama huyo akazaliwa kambini kwa vibarua, karibu na Korogwe. Baba akarudi nyumbani na familia yake. Ilipokuja Operesheni ya vijiji, mwaka 1972 na miaka iliyofuata, wakahamishwa kutoka kwenye mji wao wa zamani wakapelekwa kijijini. Mji ule wa zamani sasa ni pori, na jina lake halimo kwenye ramani. Mama akasoma shule ya msingi, akaolewa, akazaa, akalima, akapiga kura. Siku zote hizo hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

Leo anakwenda kuomba kitambulisho. Dirisha la kwanza linataka cheti cha kuzaliwa, naye hana. Anaambiwa basi alete cha baba yake. Baba alikufa zamani, naye pia hakuwa nacho. Anatumwa kwa mtendaji wa kijiji kuleta barua. Anarudi na barua, anaambiwa haikutaja mahali alipozaliwa. Anarudi tena, barua inasema Korogwe. Hapo mambo yanaharibika kabisa: inakuwaje azaliwe Korogwe naye anasema ni mtu wa Kibondo? Anaulizwa maswali na ofisa mwingine ambaye hajaiona barua ya kwanza. Ofisa wa tatu anamsikia akitamka maneno kwa lafudhi inayofanana na ya Kirundi, anatikisa kichwa. Anaambiwa angoje, na anangoja mwaka wa kwanza na wa pili.

Ndugu Mhariri, kila ofisa katika mfano huu anaweza kuwa mtu mwema aliyefuata taratibu. Kila mmoja aliulizia karatasi yake, na karatasi ile haikuwapo. Lakini hakuna hata mmoja aliyeketi na kulisoma jalada zima la mama huyu tangu mwanzo hadi mwisho na kujiuliza: je, maisha haya ni ya nani? Kazi ilikatwa vipande vipande, kila dirisha likapewa kipande chake, na mjumbe wa kuvibeba vipande hivyo akawa ni huyo huyo mama, kwa nauli yake mwenyewe.

Kazi za ofisini ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kama mashine ya kusaga. Kila debe la mahindi huingia mdomo ule ule na kutoka unga ule ule, wala mwenye mashine hana haja ya kujua mahindi yalilimwa na nani. Kulipia leseni ya baiskeli enzi zile ilikuwa kazi ya namna hiyo. Ya pili ni kama kazi ya daktari. Mgonjwa akifika hospitali ya Kabanga, daktari hamwambii kwamba wagonjwa wote lazima wapimwe damu, kisha mguu, kisha macho, kwa mfuatano ule ule. Anamsikiliza, anasoma cheti chake chote, anaagiza kipimo kinachohitajika, na kipimo kikikosekana anatafuta dalili nyingine. Akishindwa anamwita daktari mwenzake. Mwisho anaamua, na anaandika alichoamua na kwa nini. Uraia wenye mashaka ni kazi ya daktari. Sisi tumeupeleka kwenye mashine ya kusaga.

Wengine watasema: lakini bila cheti ofisa atajuaje? Nawajibu kwamba vyeti vya kuzaliwa ni vichache sana katika nchi hii, wala si Kigoma peke yake. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 uliona kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, waliosajiliwa walikuwa 16 tu. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa watoto wa mwaka 2010, itakuwaje kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1963 katika kambi ya mkonge? Kumdai cheti ni kumdai kitu ambacho Serikali yenyewe haikumpa. Lakini kukosa cheti si kukosa ushahidi. Kuna daftari la shule ya msingi. Kuna kitabu cha ubatizo parokiani au cha ndoa msikitini. Kuna stakabadhi za kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Kuna kadi ya TANU ya marehemu baba, kuna kitabu cha chama cha ushirika, kuna kadi ya mpiga kura, kuna kadi ya kliniki ya watoto. Kuna wazee waliohamishwa pamoja na familia hiyo siku moja. Kila kimoja peke yake ni chepesi. Vikiwekwa pamoja katika mizani ya mtu mwenye akili, ni vizito kuliko cheti kimoja ambacho kinaweza hata kughushiwa.

Kwa upande mwingine, yako mambo yanayotumiwa kama ushahidi na kumbe si ushahidi. Lugha ni mojawapo. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na msemaji wa moja humwelewa wa pili. Mpaka ulichorwa na wakoloni, nao hawakuwauliza wasemaji. Tawala zetu za zamani, kama Heru, Muhambwe na Buyungu, zilikuwa na ujirani na undugu na watu wa ng'ambo tangu kabla ya mpaka huo kuwapo. Ofisa aliyetoka pwani, ambaye amefika Kibondo miezi sita iliyopita, hawezi kutofautisha lafudhi ya Muhambwe na ya Ruyigi, wala simlaumu. Ujuzi wa namna hiyo hauji na barua ya uhamisho. Hata kuwa na mama aliyezaliwa Burundi si hoja ya kutosha, maana sheria yetu inatambua kuwa aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja aliye raia ni raia.

Najua pingamizi kubwa zaidi, nalo ni la haki. Wako watakaosema kwamba ukimpa ofisa uhuru wa kupima mambo badala ya kuhesabu karatasi, umemfungulia mlango wa rushwa na upendeleo. Mwenye hela atasomewa jalada lake lote kwa huruma, na maskini ataulizwa cheti. Hofu hii ni ya kweli. Lakini tujiulize, je, utaratibu wa kuhesabu karatasi umeizuia rushwa? Mahali ambapo karatasi moja inaweza kuzuia maisha ya mtu, karatasi hiyo hupata bei. Dawa ya upendeleo ni kumtaka ofisa aandike. Aandike aliona nini, alimsikiliza nani, aliamua nini na kwa sababu gani, kisha aweke jina lake na sahihi yake. Mpokea rushwa anapenda sana kusema kwa mdomo, “njoo kesho”. Hapendi hata kidogo kuandika sababu ambazo mkaguzi atakuja kuzisoma.

Kwa hiyo napendekeza mambo matano, nami naomba wahusika wayafikirie.

Kwanza, mwongozo wa kazi useme ni jambo gani linatakiwa kuthibitishwa, usiseme ni karatasi gani tu inayotakiwa. Yanayotakiwa kujulikana ni matatu: mtu huyu ni nani, alizaliwa wapi, na wazazi wake ni akina nani. Njia yoyote ya kweli inayofika huko ikubaliwe.

Pili, kila jalada lenye mashaka liwe na ofisa mmoja mwenye dhamana nalo tangu lifunguliwe mpaka lifungwe. Akihitaji jibu kutoka Uhamiaji, au kwa mtendaji wa kata, au kwa msajili wa vizazi huko Korogwe, aulize yeye. Barua itembee kati ya ofisi na ofisi. Mwananchi asifanywe tarishi wa Serikali.

Tatu, ofisa huyo awe na ruhusa ya kupanga hatua kulingana na jambo lililo mbele yake. Jalada lililo wazi limalizwe siku ile ile. Jalada gumu lipelekwe kijijini, wazee wasikilizwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa sababu mbele ya mkutano jirani mwongo huonekana. Waswahili walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukweli wa familia iliyohamishwa miaka ya sabini uko mvunguni, hauwezi kuja wenyewe mezani.

Nne, kila kata iwe na kitabu cha historia ya vijiji vyake: majina ya zamani, mwaka wa kuhamishwa, shule zilizokuwapo, koo zilizohamia na zilikotoka. Kitabu hicho kiandikwe na wazee wakingali hai. Hapo ofisa mgeni hatakuwa tena akibahatisha, kwa maana ujuzi wa mahali utakuwa umeandikwa, hautaondoka na mtu anapohamishwa.

Tano, mtu akikataliwa apewe sababu kwa maandishi na aambiwe mahali pa kukata rufani na kwa muda gani. Hili si ombi la hisani. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani pale haki zake zinapoamuliwa. Kuambiwa “ngoja” miaka miwili ni kukataliwa bila sababu na bila rufani.

Nakumbusha pia kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kesi ya mtu aliyenyang'anywa pasipoti yake ya Tanzania mwaka 2012 na kufukuzwa nchini mwaka 2014. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa mtu huyo alikuwa ametambuliwa siku zote kama Mtanzania, wajibu wa kuthibitisha kuwa si raia ulikuwa juu ya Serikali. Mama wa mfano wangu naye alitambuliwa siku zote, alipokuwa akilipa kodi na alipokuwa akipiga kura.

Haya ninayoyasema si ndoto. Tumewahi kuyafanya. Mwaka 1966 nchi hii iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Wajumbe wake walizunguka mikoani kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka. Mtu asiyejua kuandika aliweza kueleza shida yake kwa mdomo, ikaandikwa, ikafuatiliwa. Kazi hiyo mwaka 2001 ilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Tena tumewahi kuyafanya kwa wageni. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu hawakuambiwa waje na vyeti vya mababu. Mwaka 2007 walihesabiwa huko huko makaziini na kuulizwa kama wanataka kurudi kwao au kubaki. Mwaka 2010 Serikali ikatangaza kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000. Ni kweli kwamba vyeti vyao vilichelewa hadi mwaka 2014, lakini jambo lile dunia nzima ililisifu, na sisi tuliona fahari. Sasa nauliza, kama tuliweza kufungua na kufunga majalada ya watu wote hao waliotoka nje, tutashindwaje na Muha aliyezaliwa na Muha? Mtoto anayezaliwa kambini Nyarugusu huandikwa katika jalada la familia yake. Jirani yake wa kijiji cha Makere, nje tu ya kambi, huenda akakua bila kuandikwa popote. Hii si haki, na si busara.

Tumeona pia matokeo ya haraka. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita ili kuwaondoa wahamiaji haramu. Katika waliokumbwa walikuwamo watu waliodai kuwa ni Watanzania. Mtu akishavushwa mpaka, jalada lake analisoma nani?

Kabla sijamaliza, niseme neno kwa wananchi wenzangu. Utaratibu ninaouomba hauwezi kufanya kazi kama sisi wenyewe tunauza ushahidi. Mzee anayepokea soda na elfu kumi ili aseme anamfahamu mtu ambaye hajapata kumwona, huyo ndiye anayemfungia mlango mjukuu wake mwenyewe. Ofisa akidanganywa mara tatu, ya nne atadai cheti tu, naye tutamlaumuje? Vile vile tuandikishe watoto wetu. Mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano katika zahanati na ofisi za kata, ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kuenea katika mikoa mingi, umetuondolea kisingizio. Mtoto wa leo asije akahangaika kama bibi yake.

Nawashukuru maofisa wachache ambao tayari wanafanya kazi kwa moyo huu. Wapo, wananchi tunawajua, na habari zao huenea haraka kuliko matangazo ya redio. Mtu anasema, “Nenda siku ambayo yupo fulani, huyo anasikiliza.” Lakini haki ya raia isitegemee kumkuta fulani zamu yake. Usikivu wa ofisa huyo mmoja na ufanywe utaratibu wa ofisi nzima, na uandikwe, ili hata akihamishwa ubaki.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mpenda Haki,
Kasulu.